Marehemu Kwenye Foleni ya Wanawake

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, na Nasimiyu alikuwa akipangusa masinki ya choo cha wanawake katika jumba moja la maduka karibu na Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, aliposikia mlinzi wa nje akisema, "Kitambulisho." Akatoka na kitambaa chake mkononi. Kwenye foleni, nyuma ya mama mmoja Mfilipino na bintiye, alisimama Stacy. Alivaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo. Tai ilikuwa imembana shingoni na puani bado alikuwa na pamba.

"Umefika," Nasimiyu alisema.

"Nimefika, dada. Nimebanwa."

Stacy aliitoa ile pamba, akalitafuta pipa la taka kwa macho, akaitupa humo.

Enzi za uhai wake alikuwa akiuza kahawa kwenye kibanda kilicho kando ya lifti. Kwao ni Ugunja, Kenya. Kitambulisho chake cha ukaazi, kama pasipoti yake, kilisema Wesley, mwanamume, lakini wateja walimwita Stacy kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha na ndivyo walivyomwona. Kwa muda mrefu alitumia choo cha wanawake kama mwanamke mwingine yeyote. Aliingia, akatoka, akanawa mikono, akapiga gumzo kidogo na Nasimiyu kuhusu mvua za nyumbani, akarudi kazini. Halafu mteja mmoja akalalamika. Wiki hiyo hiyo notisi ikabandikwa ukutani: kila mtu aingie choo kinacholingana na kitambulisho chake. Mlinzi akawekwa hapo kuhakikisha. Mlinzi mwenyewe alikuwa Ndirangu, Mkenya mwenzao wa Nyahururu, ambaye Stacy alizoea kumletea kahawa kila alipoanza zamu.

Stacy alijaribu choo cha wanaume mara moja tu. Wanaume wawili walimfuata ndani. Alitoka shati limechanika begani, hakusema kilichotokea, na hakuna aliyeulizwa. Tangu hapo hakuingia choo chochote cha jengo lile. Akaacha kunywa maji. Ilikuwa Agosti, na yeye alishinda mbele ya mashine ya kahawa inayotoa mvuke, midomo imempasuka. Homa ilipomshika alimeza Panadol. Alipoona damu kwenye mkojo alimwambia Nasimiyu, na Nasimiyu akamsihi waende hospitali.

"Watanilaza wodi gani?" Stacy aliuliza.

Nasimiyu hakuwa na jibu, na kwa kukosa jibu hilo walichelewa. Walipokwenda, figo zilikuwa zimeshakufa. Zilimtangulia mwenyewe kwa muda mfupi tu.

Mazishi Nasimiyu aliyatazama kwenye simu. Mchungaji alimwita marehemu kijana wetu Wesley. Suti ilikuwa ya kaka yake, na mikono ya koti ilikuwa mirefu mno.

Sasa Stacy alikuwa ameikunja mikono hiyo ya koti hadi kwenye viwiko.

"Kitambulisho," Ndirangu alirudia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Sina. Kampuni ilikikata kwa makasi nilipofariki."

"Basi siwezi kukuruhusu, Stacy."

"Mimi ni marehemu, Ndirangu."

"Naona. Pole sana. Lakini notisi haijasema chochote kuhusu marehemu. Wacha niulize mkubwa."

Akamwita Nick, msimamizi wa walinzi. Nick alimpa Stacy pole, akapiga simu ofisini, akasikiliza huku akitikisa kichwa. Jibu lililotoka ni kwamba marehemu huhesabiwa kufuatana na kitambulisho chake cha mwisho. Kwa adabu, Nick akanyoosha kiganja kuelekea mlango wa wanaume.

Stacy aliutazama mlango ule. Kisha akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani, akabana magoti.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Wateja walimzoea. Wengine walimruka miguu, wengine walimwomba radhi kwa kumpitia. Jioni moja mama mmoja wa Kikatari mwenye abaya aliinama na kumuuliza Nasimiyu ni nani huyu.

"Ni mtu aliyekufa, madam."

"Miskina," yule mama alisema. Akatoa chupa ya maji mkobani, akamnyooshea Stacy.

Stacy alishukuru kwa Kiarabu chake cha kibandani, lakini hakuipokea.

"Hanywi, madam," Nasimiyu alieleza. "Anaogopa kubanwa zaidi."

Yule mama alielewa. Akairudisha chupa mkobani na kuingia chooni.

Siku hiyo Nasimiyu alimfuata Ndirangu pembeni.

"Geuka tu uangalie kule kwa lifti. Ataingia, atatoka. Nani atajua?"

"Kuna kamera."

"Kamera itamfanya nini mtu aliyekufa?"

"Yeye hawatamfanya kitu. Mimi watanirudisha nyumbani. Mama yangu ananitegemea mimi, Nasimiyu, hana mwingine."

"Alikuwa anakuletea kahawa."

"Najua alichokuwa ananiletea!" Ndirangu alisema. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alichokiacha humo, akaivaa tena. "Unadhani nalala bila kumwona? Namwona hata nikifunga macho. Lakini siwezi."

Siku yake ya mapumziko, Nasimiyu alimchukua Stacy akampeleka mtaa wa Al Mansoura, kwenye chumba ambacho yeye Nasimiyu aliishi na wenzake, Phoebe na Gakii. Walipanda basi. Dereva hakuuliza kitu, na Stacy alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo, kwa sababu kukaa kulimzidishia maumivu. Pale nyumbani choo kilikuwa kimoja, kiko nyuma ya jiko, na wanawake wote wa orofa ile walikitumia. Mlango ulikuwa na komeo jipya.

Phoebe alikuwa akisonga ugali. Alimjua Stacy tangu zamani. Aliishusha sufuria, akafuta mikono kwenye leso.

"Ingia, mami," alisema. "Hapa hakuna wa kukuuliza. Kaa vile unataka."

Gakii akampa ndala ili asikanyage maji, akamletea na karatasi. Stacy akaingia, akafunga komeo. Wale watatu wakabaki jikoni. Walimsikia akilegeza mkanda. Walimsikia akifungua bomba, kama watu wafanyavyo ili mkojo uitike. Maji yalitiririka hadi ndoo ikajaa, ikafurika, yakaanza kupita chini ya mlango na kulowesha vidole vyao. Hakuna aliyemwambia ayafunge.

Mwishowe alitoka. Uso wake ulikuwa vilevile.

"Imekataa," alisema.

"Jaribu tena, mami. Hatuna haraka."

"Nimejaribu. Mwili umeshajifunza kukatazwa. Nimeuambia kwamba hapa ni kwa watu wangu, hausikii."

Gakii, ambaye ni muuguzi msaidizi na amezoea kuwakanda wagonjwa, alimkanda tumbo kwa taulo la moto. Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Phoebe akaomba kwa sauti, kwa jina la Stacy, si lile lingine. Nasimiyu alimkumbatia akasikia ubaridi wa udongo wa Ugunja kwenye suti, akalia mpaka kola ikalowa.

"Usilie, dada. Ulinipeleka hospitali."

"Nilikupeleka nimechelewa."

"Ndiyo," Stacy alisema. "Lakini ulinipeleka."

Hakutaka kulala. Alisema angechelewa foleni.

Usimamizi wa jengo haukuwa na ubaya naye. Ulipoona haendi popote, uliagiza benchi la chuma liwekwe pale alipokuwa akikaa, ili wateja wasijikwae, na foleni ikaelekezwa kulizunguka kwa kamba nyekundu. Notisi ilipochakaa ilichapishwa upya, kwa herufi kubwa zaidi. Ndirangu alizoea kumsalimia Stacy anapoanza zamu na kumuaga anapoondoka. Stacy alimwitikia. Kisha, katika saa zote zilizokuwa kati ya salamu hizo mbili, Ndirangu alimzuia.

Ilipofika Mei, duka la viatu la orofa ya juu lilileta mfanyakazi mpya, Mganda mmoja mrefu, mpole, aliyejiita Chelsea. Siku yake ya kwanza aliteremka wakati wa mapumziko akajipanga kwenye foleni, mkono mmoja ukiwa tumboni.

"Kitambulisho," Ndirangu alisema.

Chelsea alikitoa. Ndirangu alikisoma, akamtazama usoni, akakisoma tena.

"Dada yangu," alisema. "Huku haiwezekani. Labda upande ule."

Chelsea aliugeukia upande ule. Wanaume watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama. Akapokea kitambulisho chake, akatoka kwenye foleni, akabaki katikati ya kijia bila kujua pa kwenda.

Stacy akasogea hadi mwisho wa benchi, akalipangusa kwa mkono wa koti. Chelsea akaketi.

Nasimiyu alitaka kusema jambo, lakini mteja mmoja alikuwa akimwita kutoka ndani, karatasi zimemwishia. Akaingia kumpelekea.