Mkono Kwenye Nyuzi Sitini

...sitini tena, alisema dada wa mazoezi, sitini kama wiki iliyopita, na mwalimu, aliyekuwa amelala chali kwenye kitanda cha kliniki huku mkono wake wa kulia ukiwa umeinuliwa hewani, aliangalia dari, sitini ni sitini, miaka yote alikuwa akiwaambia wanafunzi wake bishaneni na mimi, msibishane na namba, na sasa namba imekuja kumkalia begani, haipandi wala haishuki. "Tuushike hapo hapo kidogo, mwalimu, usiulegeze," alisema dada wa mazoezi, mwanamke mnene mwenye viganja vya joto na sauti ya kubembeleza, akakiweka kando kile kifaa chake cha plastiki, vijiti viwili vilivyobanwa pamoja katikati ya duara lenye namba, kijiti kimoja kinalala sambamba na mwili, kingine kinaufuata mkono, na mwanya uliobaki katikati ndiyo pembe, ndiyo hali yako, ndilo jibu utakaloondoka nalo leo, basi. Na miguuni pa kitanda, kwenye kiti kilicholegea mguu mmoja, alikaa mumewe akiwa ameupakata mkoba wa mkewe kama aliyeachiwa mtoto wa watu, mumewe ambaye mtaani wanamwita Mzee Baridi, kwanza kwa kuwa kabla ya kuzeeka alikuwa fundi wa friji, pili kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akifoka, na siku ile daktari aliposema mfupa umeunga vizuri, mama, lakini bega limeganda, mzee akasema, basi na ufundi wangu wote nimeshindwa kuligandua, daktari akacheka, wauguzi wakacheka, mwalimu hakucheka, bega lilikuwa linauma, na linauma hata sasa, si maumivu ya kupiga kelele, ni yale ya kuchosha, kama mtu anayekuvuta nguo siku nzima akitaka kukuambia jambo ambalo mwenyewe halijui... "Ila nyumbani anafanya yale mazoezi?" dada wa mazoezi alimuuliza mumewe, mumewe, si yeye, tangu mkono ugande watu wanaongea juu yake hivi, kama anayepita chini ya waya wa umeme, maneno yanakwenda na kurudi juu ya kichwa chake, na mumewe akajibu anafanya, anafanya sana, tatizo ni kwamba akichoka hasemi, na hilo lilikuwa kweli, akichoka hasemi, ataanzia wapi, amechoka kufungwa vifungo, amechoka kuchanwa nywele na mwanamume anayezichana kama anayesugua sufuria iliyoungua, amechoka kulalia ubavu mmoja, amechoka kuulizwa leo afadhali, na yeye kusema leo afadhali.

"Mimi nilishaongea na mkuu wa shule," alisema Mzee Baridi, kwa sauti ya chini, sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani kumwambia mteja kwamba mashine imekufa, "nilimpigia juzi, nikamwambia jamani, mwenzenu harudi, tafuteni mtu," na dada wa mazoezi akasema mmh, na mwalimu akaendelea kuangalia dari, kulikuwa na doa la maji pale juu, limekauka pembezoni, akaliangalia kana kwamba limeandikwa kitu... harudi. Alisema harudi. Hakusema anafikiria kutorudi, hakusema tutaona, na yeye alikuwa amelala hapa hapa, masikio hayakuvunjika, ni mkono uliovunjika, na alitegemea hasira ije, aliingoja kabisa kama mtu anayengoja chafya, hasira haikuja, kilichokuja kwanza kilikuwa kitu cha aibu, kilikuwa nafuu, mwili mzima ulishuka kidogo juu ya shuka, kama mtu aliyeambiwa weka chini huo mzigo, hakuna kuamka gizani, hakuna chaki kooni, hakuna darasa la watoto sitini wanaonuka jasho la mchana na kalenda ya mtihani ukutani, binti yao mkubwa ameshapaka rangi chumba cha nyuma, mama njooni mkae na sisi, wajukuu wapo, bustani ipo, utakaa tu, na kukaa tu, ukilitamka polepole, si neno baya... "na binti yetu anatungoja," mumewe alikuwa akiendelea, "ni yeye mwenyewe tu, anasema mpaka mkono ufike tisini, ufike tisini ndiyo atajua la kufanya," na hilo nalo lilikuwa kweli, ni yeye aliyeiweka tisini, tisini hapa kitandani ni mkono uliosimama wima, akisimama ni mkono ulionyooka mbele hadi ubaoni, wa kuandika usawa wa bega, alijiambia bila tisini siingii darasani, siendi kusimama mbele ya watoto nikiwa kama mlango uliokwama, na kila wiki kile kifaa kinasema hamsini na tano, hamsini na nane, sitini, halafu sitini. "Vuta pumzi, mwalimu." Akavuta. Mkono aliuona kwa mbali kama wa mtu mwingine, umeinuka kutoka pale ubavuni, kitandani, ulipokuwa umelala, hiyo ndiyo sifuri, sifuri ni mkono umelala pembeni ya mwili, na juu kabisa, ukielekea dari, ndiyo tisini, na ungeendelea kwenda nyuma hadi ukalala pembeni ya sikio ingekuwa mia na themanini, nusu ya duara, na bega ndilo kitovu, bikari imechomekwa begani na mkono ndio nusukipenyo... na alikuwa ameibeba bikari siku ile, ile kubwa ya mbao ya kuchorea ubaoni, bikari mkono huu na madaftari mkono ule, ukumbi wa mbele ya darasa ulikuwa umetoka kupigwa deki, na msafishaji alisema angalia mwalimu pana maji, akamsikia, alimsikia vizuri kabisa akiwa tayari yuko hewani, na alichofikiria alipokuwa anaanguka kilikuwa bikari isivunjike, haikuvunjika, mkono ndio uliovunjika, na mumewe alifika hospitali amevaa kandambili mbili zisizofanana, ya bluu na ya kahawia, mtu ambaye hata kwenda dukani hutafuta kwanza kitana, akasimama pale mlangoni na kandambili zake, na uso wake... hapana, uso ule hataki kuukumbuka sasa.

Na siku ile ile, kabla ya kuanguka, kipindi cha mwisho, yule msichana wanayemwita Mbona, kwa sababu hawezi kukaa dakika mbili bila kusema mbona, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona tunapima pembe mara mbili? Tuna nyuzi, za nini tena hizo radiani?" na yeye alimjibu sawasawa kabisa, radiani moja ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusukipenyo, pai ni nyuzi mia na themanini, kutoka nyuzi kwenda radiani zidisha kwa pai gawanya kwa mia na themanini, kurudi geuza, na Mbona aliandika yote, aliweka nukta, akainua uso, na uso ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa, "asante mwalimu," na ilikuwa asante ya mtu aliyepewa funguo bila kuonyeshwa mlango, na yeye alijua, hakuwa na nguvu ya kuanza upya, kengele ilikuwa imeshalia, na ukweli wenyewe hata yeye maneno yale aliyapokea hivyo hivyo yakiwa yamefungwa, akayapeleka mbele hivyo hivyo... "Kunauma sana?" dada wa mazoezi aliuliza, naye akasema kiasi, na akaendelea kuuangalia mkono, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuangalia, doa la dari limeshaisha, mkono ndio huu, mmoja, na neno hilo mmoja likampitia kichwani kisha likarudi, mmoja, duara ambalo nusukipenyo chake ni moja, moja ya nini, wanafunzi huuliza kila mwaka, moja ya sentimita, mwalimu, au ya mita, na yeye husema moja tu, moja yoyote, nao hucheka, na sasa moja ilikuwa imening'inia mbele ya macho yake, kuanzia begani hadi ncha ya kidole cha kati, mkono mmoja, si mita wala futi, na kiganja kilikuwa kimetoka pale kwenye shuka na kusafiri hewani mpaka hapa kilipo, kimepita njia ya mviringo, na njia ile, aliifuata kwa macho, kutoka nyonga, ikapanda, ikapinda, mpaka kwenye ncha za vidole, ungeichukua ukainyoosha kama kamba ingekuwa na urefu gani... ingekuwa mkono mmoja. Ushee kidogo. Nyuzi hamsini na saba na kitu ndiyo radiani moja, sitini inaizidi kidogo tu. Kiganja chake kimetembea mkono mzima. Ndiyo radiani, jamani, si kitu kingine, ni kuuliza mkono umetembea mikono mingapi, na mkono mrefu wa mzee yule pale kwenye kiti ungetembea njia ndefu zaidi lakini ungepata hesabu ile ile, mkono mmoja, wake, na wa mtoto mchanga hivyo hivyo, wake, kila duara linajipima kwa fimbo yake lenyewe, na mia tatu sitini ni ya watu wa zamani walioamua kulikata duara vipande mia tatu sitini, wangeweza kulikata mia nne na lisingelalamika, lakini hii hakuna aliyeiamua... na yeye amefundisha hivi mpaka mvi zimetoka, na hajawahi hata siku moja kuinua mkono wake mbele yao akasema tazameni.

"Dakika moja bado, mwalimu, unaenda vizuri," na mumewe akasema, "anavumilia huyu, hujui tu," na ilikuwa ajabu kuzungumziwa vizuri namna hiyo ukiwa umelala kama bidhaa, na akili yake iliyokuwa imechoka, iliyokuwa imechoka kweli, haikutaka kuacha, ikaenda yenyewe hatua ya pili kama punda anayejua nyumbani, kimo je, kiganja kiko juu ya kitanda kiasi gani, hiyo ndiyo sini, sini si kitufe cha kikokotoo, ni kimo cha kiganja, na kosini ni umbali ambao kiganja kimeachana na bega kwa mlalo, na kwenye sitini sini ni sifuri nukta nane sita sita, aliijua kama anavyoijua tarehe ya kuzaliwa kwa watoto wake, ila hakuwahi kuiona, karibu tisa ya kumi, maana yake kati ya kimo chote ambacho mkono huu ungeweza kufika, kuanzia kitandani hadi wima kabisa, tayari umekwisha kupanda karibu wote. Thelathini za kwanza zilimpa nusu nzima. Thelathini za pili zikampa zaidi ya theluthi. Na thelathini zilizobaki, zile anazozililia, alizozifanya kufuli ya mlango wa darasa, zingempa kipande kidogo, kumi na tatu kwa mia, upana wa kiganja kwa mkono mfupi kama wake, hazizidi, kwa sababu duara likikaribia juu halipandi tena, linalala, unazunguka sana na huongezeki... akataka kucheka, kifua kikaruka, bega likamkumbusha, akaacha. Kitandani ni hivyo, akijihadhari asijidanganye, akisimama wima hesabu inabadilika, akisimama sifuri iko chini, mkono ukifika sitini kiganja hakivuki bega, ataandika nusu ya chini ya ubao, basi, waliokaa nyuma watasimama, wamezoea kusimama wakichelewa, na mduara atauchora kwa mkono wa kushoto, utakuwa na kichwa kama kiazi, Mbona atasema mbona umepinda, naye atasema njoo uchore wewe, njoo hapa mbele, nyoosha mkono wako, huo ndio moja.

Na hapo ndipo alipogundua kwamba anataka, si kwa ukaidi, ukaidi ulishamwishia zamani, na si kwamba uchovu umeondoka, ulikuwepo pale pale, mzito, kwenye shingo na nyuma ya macho, atachoka kesho na keshokutwa, na chumba kile kilichopakwa rangi kitakuwa kizuri na siku moja atalala humo, alikuwa anataka kipindi kimoja tu, halafu huenda kingine, amwone yule msichana uso ukijaa, na akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho, yule mzee na mkoba, mikono yake mirefu imeuzunguka, alimpigia mkuu kwa siri akiwa nje uani, bila shaka, akizunguka na simu karibu na mapipa ya maji anavyofanya akiwa na jambo, hakufanya kwa kumdharau, uso ule wa mlangoni, sawa, aukumbuke sasa, ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kujiona mjane na hajui atapika nini, na mtu wa hivyo hawezi kuambiwa usiogope, ataogopa tu, atakuja na mkoba, atakaa nje ya darasa kwenye benchi na kandambili zake, wanafunzi watamwamkia shikamoo mzee, atazoea. "Haya, mwalimu, nikushushe?" dada wa mazoezi aliuliza, kiganja chake cha joto chini ya kiwiko, na mkono ulikuwa pale pale, sitini.

"Usishushe," alisema. Kisha, bila kuyatoa macho kwenye mkono, akasema, "Mpigie tena."

"Nimpigie nani?" aliuliza mumewe, na kwa jinsi alivyoanza kuupapasa mkoba ule akitafuta simu, ilikuwa wazi kwamba anajua.