Mashine Saba za Madame Spès

Kibodi ilikuwa na taa moja ya kijani. Kila Mathilde alipowasha mashine, taa iliwaka. Mfumo wake ulipoanza kushika kazi, taa ikazimika. Kwenye skrini linabaki neno KARIBU, na chini yake kimstari kinapepesa. Ukibonyeza herufi, kimya. Ukibonyeza zote kwa viganja viwili, kimya.

"Mfumo gani huu," nikamuuliza, "unakaribisha watu halafu haufungui mulango? Kwetu Buyenzi ungesemwa mtaa mzima."

"Kaka Uthmani, mi nitakutupia hii kibodi."

"Tupa. Leo haina kazi nyingine."

Ilikuwa saa sita kasoro. Saa nane, Profesa Népomuscène angeingia katika ukumbi huu wa kompyuta, akae kwenye kiti hiki, aandike jina lake kwa vidole vyake ndani ya mfumo endeshi ambao Mathilde ameutunga mwenyewe, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Maabara yake ilikuwa na nafasi moja tu, na waliokuwa wakiitaka walikuwa watano. Mathilde aliutunga mfumo ule kwa miaka miwili nyuma ya kibanda changu cha ufundi, pale mtaa wa Asiatique, tangu alipovuka mpaka kutoka Uvira na begi moja na laptop iliyopasuka kioo. Kwangu uliandika bila shida. Lakini sharti la profesa lilikuwa uwake kwenye mashine za ukumbi, si kwenye ya mwenyewe.

Nilishindwa kukaa. Nikikaa mguu unacheza, nikisimama mkono unatafuta bisibisi. Umeme na wateja wamenichapa sana maishani. Nimejifunza kucheka kwanza, kulia kuna foleni.

Tulibadilisha kibodi. Tukabadilisha tundu. Tukaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya mfumo kuanza, na huko kibodi ikatii kama mtoto wa madrasa.

"Basi kibodi ni nzima," nikasema.

"Ni nzima. Mashine ikiamka iko na mulinzi wake wa kuzaliwa, njo yeye anasikiliza USB. Mfumo wangu ukifika unamufukuza, unaweka wa kwangu."

"Na wa kwako analala."

"Halali! Anaangalia mulango, haoni mutu."

Mlinzi huyo ndiye draiva yake, programu ya kusikiliza vifaa. Mathilde akarudi kwenye laptop, akaongeza mstari mmoja ili draiva itaje kila inachokiona. Kifaa cha USB kikiulizwa "wewe ni nani" hujibu kwa namba, na kibodi hujibu tatu. Akaandika upya flashi iliyobeba mfumo wake, akawasha. Chini ya KARIBU pakatokea: KIFAA 1, AINA 9.

"Tisa ni habu," akasema polepole.

Habu ni kile kidude cha kugawa tundu moja la USB liwe manne. Draiva yake ilibisha hodi, habu ikaitikia, na mambo yakaishia hapo. Haikujua kwamba nyuma ya habu kuna wengine wamepanga mstari. Mathilde akaufuata waya wa kibodi kwa kidole hadi mgongoni mwa mashine. Hapakuwa na kidude chochote.

"Madame Spès," akamwita msimamizi wa ukumbi, "hizi mashine zilishafunguliwa?"

"Oya, hapa hapana!" Madame Spès akajibu kwa fahari, funguo zikilia kiunoni. "Umeme uliziharibu zote saba mwaka jana, katibu wa chuo akazipeleka mjini kwa fundi. Zilirudi safi, hakuna hata waya uliozidi. Yule ni fundi, sha."

Nikaziangalia upya zile mashine saba.

Sisi mafundi wa Asiatique tuna desturi: kiraka hakionekani. Mteja akiona kidude kigeni atasema umemwekea takataka. Mwaka jana nililetewa mashine saba ambazo matundu yote ya nyuma yalikuwa yameungua. Katika kila moja nililehemu habu kwenye pini za ndani zilizosalia, nikatoa nyaya hadi kwenye matundu mapya ya nyuma, nikaifunika kwa gundi ya moto, nikafunga. Wala sikuuliza zinatoka wapi.

Mathilde alikuwa ameshaanza kuchapa. "Nitaufundisha mfumo habu sasa hivi."

"Kwa saa mbili?"

"Uko na shauri lingine?"

Ningeweza kunyamaza. Angechapa hadi saa nane, ashindwe, aamini hadi kufa kwamba kosa ni lake.

"Fundi ni mi," nikasema.

"Yampayinka!" Madame Spès akashika kichwa. "We?"

"Zote saba. Habu iko ndani, nimeificha."

Mathilde akaacha kuchapa. "Tangu asubuhi unanicheka, na ugonjwa ni wako?"

"Nafungua mashine nyingi, dada. Sikuikumbuka mpaka ile tisa."

Madame Spès alikataa mashine kuguswa. Nikamsihi. Mwishoni akakubali moja tu, kwa sharti kwamba nitaandika karatasi ya kilichomo ndani ya zote saba, niweke jina langu. Nikafungua, nikabandua gundi yangu mwenyewe, ngumu kama dhambi, nikakata habu, nikaunga tundu moja kwenye pini zile, bila habu katikati. Moja tu.

"Utawasha kwa flashi, kisha uichomoe, uweke kibodi hapo hapo," nikamwambia. "Mulinzi wako anaangalia mulango mara moja, ao kila mara?"

"Kila mara." Akaurudia mstari wake kwenye laptop. "Nafikiri."

Tulikuwa hatujajaribu, profesa akaingia. Dakika ishirini kabla ya saa.

KARIBU. Mathilde akachomoa flashi, akachomeka kibodi. Kifaa hakipo. Kifaa hakipo. Halafu skrini ikasema AINA 3. Profesa akaandika NEPOMUSCENE kwa kidole kimoja, bila haraka, kana kwamba sisi hatuna mioyo.

"Vizuri. Sasa ile ya pembeni."

"Ile itakataa, Profesa," Mathilde akasema.

"Kwa nini?"

Akamweleza yote: mlinzi, tisa, habu, gundi. Alisema "fundi mmoja." Madame Spès akanielekezea kidevu, nami nikainua mkono kama mwanafunzi.

Profesa akawasha ile ya pembeni kwa flashi ile ile. Ikakataa kama ilivyosemwa. "Wanne wa jana walikwama pia kwenye mashine hizi," akasema. "Waliniambia kibodi ni mbovu." Akauliza kuufundisha mfumo habu kutachukua siku ngapi.

"Wiki tatu."

"Basi utaimalizia maabarani. Uje Jumatatu."

Alipotoka, Madame Spès alinipa karatasi na kalamu. Mathilde hakushangilia, alikuwa ameshavuta kiti hadi mashine ya pili, magoti yakicheza.

"Fungua zote, andika zote," akaniambia bila kugeuka. "Lakini usitoe habu hata moja mpaka nizishinde."