Njia ya Mkato ya Mzaliwa wa Lyon

Sisi wazaliwa wa Lyon hatuzunguki barabarani kama watalii. Kule mji mkongwe tunapita ndani ya nyumba za watu: unasukuma mlango huku, unakatiza uani, unatokea mtaa wa pili. Nilimweleza hayo shemeji yangu Solange, dada wa mke wangu, aliyekuja kutoka Paris, huku nikimpokonya ramani.

"Shemeji, una uhakika?" aliuliza tulipofika kwenye mlango wa kwanza.

"Mimi nimezaliwa hapa! Nyie wa Paris bila ramani hata chooni hamfiki."

Tulikatiza ua wenye kisima, tukapanda ngazi za mawe, tukaingia ujia wa giza. Solange akanong'ona kwamba ananusa vitunguu. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya historia. Kisha nikausukuma mlango wa mwisho kwa bega, kwa madaha ya mwenye mji, nikatokea jikoni kwa mtu.

Bibi mmoja aliyevaa aproni alikuwa akikoroga supu. Wala hakushtuka.

"Karibu tena, mwanangu," alisema. "Leo umemleta nani? Wale Wajerumani wa Jumapili iliyopita, maskini, walikuwa na njaa!"

Solange alicheka mpaka akashika ukuta. Nikafungua mdomo nijitetee, ndipo nikaiona meza: sahani za wageni zilikuwa zimeshapangwa.

"Kila Jumapili naongeza maji kwenye supu," bibi alimwambia Solange. "Najua lazima atapotea."