Gwaride Lililokwenda Mbele

Asubuhi ya sikukuu ya uhuru, wanafunzi wa shule ya bweni ya Qullpani walikunywa uji wa mahindi ya zambarau wakiwa wamesimama, kwa sababu mabenchi yalikuwa yameshapelekwa uwanjani kwa ajili ya wageni. Baridi ilikuwa ile ya kawaida ya nyanda za juu za Bolivia, inayofanya tarumbeta ing'ang'anie midomo ya mpigaji.

Kwa desturi, bendera hubebwa na aliyeongoza kwa alama. Aliyeongoza alikuwa Saturnina Choque, na bibi yake alikuwa ameshuka mlimani tangu jana kuja kumwona. Lakini Mwalimu Mkuu Rendón alimpa bendera Bladimir, mpwa wa meya. Saturnina akapewa kofia ya manyoya na nafasi katika kundi la waigizaji wa Wenyeji, ambao huanguka na kufa mbele ya jukwaa ili historia ianze.

"Ufe vizuri, dada," Bladimir alimwambia. "Mwaka jana mmoja alikufa huku anakohoa."

"We angalia usijikwae na hiyo fimbo. Kusoma kumekushinda, usishindwe na kutembea."

Mwaka huo Mwalimu Mkuu, ambaye ni mtu wa mjini, alitaka kuwafurahisha wazazi kwa kutoa amri kwa Kiaymara, lugha yao. Alitafuta neno la "mbele", akapata nayra, na hakuuliza zaidi. Watu wa huko hutumia neno hilohilo kwa zamani, kwani yaliyopita umeyaona, yako mbele ya macho. Kesho ndiyo iko mgongoni, ambako hakuna mwenye jicho.

"Nayraru!" aliamuru, yaani kuelekea nayra. Gwaride likatii.

Kwenye kona ya duka la dawa, nyaya za umeme zilikuwa zimeondoka. Kwenye kona iliyofuata hapakuwa na kona. Bendi iliendelea kupiga. Walipita katikati ya uhuru wenyewe, mabwana wenye kola ngumu wakitia sahihi chini ya turubai, nao wakawapungia mkono. Wakapita foleni ya watu waliokuwa wakipelekwa kwenye machimbo ya fedha. Mmoja alimwomba Saturnina majani ya koka, akapewa, akashukuru, akaendelea kushuka shimoni.

Muda wote huo bendera ilikuwa ikibadilika mikononi mwa Bladimir. Ilipobaki kipande cha sufu, aliisukuma pembeni.

"Hili sasa blanketi," alisema. "Shika wewe."

Saturnina akaibeba. Walikuwa wamefika mahali ambapo watu walikuwa wakikanyaga viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, ili vikauke. Hapakuwa na wenyeji, kwa kuwa hapakuwa na wageni. Walimpisha njia. Mwanamke mmoja mwenye pua ya bibi yake alimwinua kiwiko kidogo ili sufu isiguse chini, akarudi kwenye viazi vyake.

Mpiga ngoma alianza kulalamika njaa, ndipo Mwalimu Mkuu akaamuru warudi. Walirudi kinyumenyume, maana ndivyo kesho inavyoendewa huko, wakikanyagana visigino. Penye uhuru, bwana mmoja mwenye kola ngumu alimsimamisha Saturnina, akaichukua bendera mkononi mwake, ikiwa imeshapata rangi, akampa Bladimir. Saturnina akapewa hatamu ya farasi. Kando yake alisimama mzee mwenye joho la poncho, ameshika farasi wawili.

"Baba, tumeshapata uhuru?" Saturnina aliuliza.

"Nasikia wamepata. Huyo wako anauma, usimpe mgongo."

Walipofika uwanjani, hotuba zilikuwa hazijaanza. Saturnina alikuwa bado ameshika hatamu, na farasi alikuwa bado mwishoni mwa hatamu hiyo. Bibi yake alikuwa amesimama nyuma ya mabenchi.

"Nimekuona na bendera," bibi alisema.

"Wapi, bibi?"

"Kule mbele." Akaonyesha kwa mdomo, upande wa zamani.

Farasi yuko shuleni hadi leo. Anakula nyasi za uwanja wa mpira na ameshamuuma mkaguzi. Mwaka uliofuata Saturnina aliongoza tena kwa alama. Mwalimu Mkuu alimsifu sana mbele ya shule nzima, akampa Bladimir bendera, akamwambia Saturnina ashike farasi.