Mchambuaji wa Meza ya Tatu

Saa moja kamili asubuhi, king'ora kikilia, Theopista alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya tatu katika kinu cha pamba mjini Shinyanga, akitenga pamba safi kushoto na fifi, ile chafu ya daraja la pili, kulia. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo wima, juu ya sakafu ya saruji. Tangu msimu wa 1978 uanze, kisigino cha kulia kilimchoma kama kimekanyaga msumari, hasa hatua za kwanza za asubuhi. Kutwa akawa anahamia mguu huu, anahamia ule, hatulii.

Tabibu Clemens wa zahanati alimbonyeza unyayo, akasema ukano umechoka.

"Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu vije kwako. Jioni viringisha chupa ya soda chini ya unyayo. Na kazini ukae, mayu, mama yangu. Usipokaa, tunatwanga maji."

Akaandika cheti: apewe kiti.

Chupa alipewa na Vasanti wa duka la vitambaa. Akaviringisha kila jioni. Asubuhi alipata nafuu, na saa tano maumivu yalikuwa yamesharudi. Kuhusu kiti, Meneja Marselino, mtu mpole kupita kiasi, alieleza kwamba viti vilivyopo ni vya wageni, na mgeni haji kwa taarifa.

Jumanne moja sakafu ilianza kubonyea chini ya Theopista. Ijumaa shimo lilimfika magotini. Fundi akalijaza zege, na kufikia mchana zege likawa limeshuka naye. Wenzake wakazoea kumsalimia wakiwa wameinama.

Alipofika kiunoni, meneja alikuja na futi kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiti, baba."

"Tunalishughulikia."

Akaagiza meza ikatwe miguu imfikie. Theopista aliviangalia vile vipande vinne, akasema vinatosha kigoda. Vikapelekwa kuchemshia chai ya wageni. Siku hiyo moyo ulimuuma kuliko kisigino. Alipanda kutoka shimoni, akajifuta vumbi, akarudi kwao Ushirombo bila kuaga.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa getini: anatakiwa mchambuaji, awe amemaliza darasa la saba, urefu futi tano na inchi moja. Walijitokeza wanawake kumi na wanne. Meneja aliwapima mwenyewe, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Mmoja wao, Limi, alitosha kabisa. Alivua viatu, akashuka shimoni.