Jezi Nyekundu ya Tatu

Jezi nyekundu zilikuwa tatu tu, na kwa misimu mitatu moja ilikuwa ya Asifiwe. Kabla ya kila mazoezi ya hoki katika ukumbi wa barafu wa Upplands Väsby, nchini Uswidi, kocha Lennart alitundika jezi kwenye kulabu za wachezaji: nyekundu kwa safu ya kwanza, kijani kwa ya pili. Hakutangaza chochote. Ukiona rangi inayoning'inia mahali pako, umekwisha kuambiwa.

Safu ya kwanza ilikuwa ya Kirabo, mchezaji wa kati, nyota wa timu. Msimu ule wa 2009 Lennart alikuwa akitafuta mawinga wa kumfaa. Asifiwe hakuona cha kutafuta. Ni yeye aliyemfundisha Kirabo, binti wa Kiganda asiyejua Kiswahili, maneno ya uwanjani wakiwa kwenye treni kutoka Märsta: acha, nyuma, piga. Wapinzani waliduwaa tu.

Kisha Jumatatu moja Ebba, winga mgeni kutoka Spånga, akapaza sauti barafuni: “Nyuma!”

“Umemfundisha?” Asifiwe alimuuliza Kirabo wakivua viatu vya kuteleza.

“Maneno matatu tu, dada. Usininunie.”

“Mpe na viatu vyangu basi.”

“Vitampwaya. Wewe una miguu ya askari.”

Kirabo alicheka. Asifiwe alikaza kamba za begi mpaka vidole vikamuuma.

Jumatano alifika wa kwanza. Kwenye kulabu yake ilikuwapo jezi ya kijani. Nyekundu ilikuwa kwa Ebba. Aliitazama kwa muda, akasikiliza mlangoni, kisha akazibadilisha.

Lennart alipoingia barafuni aliiona jezi nyekundu, akamtazama Asifiwe usoni, akapuliza filimbi.

Kirabo alizunguka nyuma ya goli, akatoa pasi bila kuinua kichwa. Kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira kilipita mbele ya goli, pasipo na mtu, kikagonga ukuta.

“Samahani, dada! Nilidhani uko pale.”

Bahati mbaya, Asifiwe alijiambia. Lakini mara ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Ndipo alipopatazama vizuri mahali pale patupu. Hapo ndipo Ebba alipozoea kusimama, mgongo kwa kipa, gongo chini. Kwa misimu mitatu Kirabo hakuwahi kumpa yeye pasi bila kumtafuta kwanza kwa macho. Angeweza kwenda kusimama pale, ndiyo. Lakini pasi zile hazikuwa zinamtafuta yeye.

Aliteleza hadi kwenye benchi, akavua jezi mbele ya wote, akamtupia Ebba.

“Vaa. Ni yako tangu asubuhi.”

Ebba aliidaka. “Imelowa jasho,” alisema kwa Kiswidi.

“La misimu mitatu,” Asifiwe akamjibu kwa Kiswahili, na hakumtafsiria.

Alivaa ya kijani, akasimama ukingoni. Kirabo alizunguka goli, kichwa chini. “Piga!” Ebba aliita kwa lafudhi mbovu, na kisahani kikamkuta palepale, kikaingia wavuni.

Wachezaji wote wakagonga magongo barafuni kushangilia, kama ilivyo desturi. Asifiwe naye aligonga. Mara moja.