Nilimsomea Yasiyoandikwa

Wanawake wa kijijini kwetu waliniita Karani. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu ulisomeka, na redio ya wilaya ilikuwa na kipindi cha barua za watu wa mashambani kila Alhamisi alasiri. Basi mwenye neno alikuja kibarazani kwangu, akasema, nikaandika.

"Karani, andika barabara yetu imekuwa handaki."

"Na mimi niandikie natafuta mume," mjane mmoja akadakia. "Awe na meno yake mwenyewe."

Kwa barua zile tulipata kivuko cha mbao pale mtoni, na mwalimu wa pili shuleni. Ndiyo maana Mfinyanzi naye alinijia.

Ni jirani yangu, nyumba zetu zinapakana ua. Binti yake alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, wakakuta kufuli. Akajifungulia nje, kwenye ngazi. Mtoto hakulia.

Mfinyanzi alikaa, mikono bado ina udongo. "Andika ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Andika tabibu alikuwa shambani kwake anapalilia mahindi, na si mara ya kwanza."

Tabibu huyo ni mkwe wangu. Amemwoa kitindamimba wangu, na nyumba wanayokaa ni ya zahanati. Mfinyanzi alijua yote hayo, akanijia vilevile.

Nikaandika ukurasa mzima, nikaujaza salamu na maneno ya adabu ili uonekane una mambo. Katikati nikaweka kwamba mama mmoja amepoteza mtoto kwa sababu tabibu yuko peke yake, kazi imemzidi.

"Hebu nisomee," akasema.

Nikainua karatasi, nikamsomea. Saa nne asubuhi. Kufuli. Shamba la mahindi. Nilipitisha kidole chini ya mistari kama mtu anayesoma kweli. Akajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vichafu.

"Mungu akubariki, dada."

Nikaitikia amina.

Alhamisi iliyofuata watu walijaa kibarazani kwangu kusikiliza redio. Mtangazaji akaisoma barua yote, kisha akaongeza ya kwake: "Wapenzi wasikilizaji, tumpe pole tabibu huyu anayejitolea."

"Anajitolea kwa mahindi," mtu akaguna. Hakuna aliyecheka.

Mfinyanzi hakupaza sauti. "Dada, siku ile ulinisomea nini?"

Nikanyoosha mkono kuzima redio.

"Nakuuliza. Mimi sijui kusoma. Ulinisomea nini?"

Akainuka, akaenda zake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Kwa wiki mbili hakuna aliyekanyaga kibarazani, hata yule wa meno. Kila asubuhi nilimsikia Mfinyanzi ng'ambo ya ua akipiga udongo. Mwishowe nikachukua kalamu.

Binti yangu akanikuta naandika. Hakuniuliza ni nini.

"Mama, wakimfukuza tutatolewa kwenye ile nyumba. Wajukuu zako watalala wapi?"

"Hapa."

"Na mtoto wa watu atafufuka?"

Nilimsogezea kiti. Hakukaa.

Niliwaandikia watu wa redio: Barua ile niliibadilisha mimi. Njooni na chombo cha kurekodia, mumsikilize mwenyewe.

Mtangazaji akaja, kumbe ni msichana mwembamba, ile sauti nzito sijui anaificha wapi. Nikampeleka kwa Mfinyanzi, nikataka kujiondokea.

"Kaa," Mfinyanzi akaniambia. "Siku ile nilikusikiliza wewe."

Nikakaa. Akayasema yote, hata yale ambayo hakunipa mimi: kwamba binti yake aligonga ule mlango mpaka ngumi zikachubuka. Kisha akaninyooshea kidole. "Na barua ya kwanza aliiharibu huyu hapa, mama mkwe wa tabibu. Akanisomea uongo, mimi nikamwombea baraka."

Mtangazaji akazima chombo. Akanigeukia, akanong'ona kwa huruma. "Bibi, kile kipande cha mwisho naweza kukikata. Habari ya zahanati inajitosheleza."

Nilitamani akikate. Sitaficha, nilitamani sana. Mfinyanzi alikuwa amerudia udongo wake, anaukanda bila kututazama.

"Kiache," nikasema.

"Wilaya nzima itasikia, bibi."

"Kiache, mwanangu."

Kilirushwa chote. Wakaguzi walikuja Jumatatu, na kabla mwezi haujaisha zahanati ikapata tabibu mwingine. Binti yangu yuko kwangu sasa na watoto wake, tunalala watano chumba kimoja, na akitaka chumvi humtuma mtoto aniombe. Mkwe wangu alikwenda kwao.

Mfinyanzi hunisalimia. Hunisalimia vizuri tu, kama anavyomsalimia mpita njia.